Mende Waliochezeshwa kwa Piano

Mende wanafanya karamu jikoni. Mtu anaingia, anawaponda, anatoka akidhani amewamaliza. Mmoja anachungulia, kisha mwingine, na muda si mrefu wanacheza kuwaomboleza wenzao, ingawa si kwa huzuni nyingi: wanajua ukoo wao hautakwisha. Kisa hicho ni cha kipande cha piano alichokitunga Philippa Schuyler wa Harlem, New York, kabla hajatimiza miaka 10.

Philippa, aliyezaliwa 1931 kwa baba Mmarekani mweusi na mama mzungu wa Texas, hakukosa sifa. Tarehe 19 Juni 1940, Maonyesho ya Dunia mjini New York yalimtengea siku yenye jina lake. Lakini watu walikwenda kumtazama mtoto wa ajabu, na ajabu ikameza muziki. Alipokua, makofi yalipungua. Akageukia pia uandishi: mwaka 1962 alitoa kitabu kuhusu Kongo. Alifariki 1967 katika ajali ya helikopta huko Vietnam, akisaidia kuhamisha watoto.

Kabla yake alikuwapo Thomas Wiggins, mpiga piano kipofu aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1849. Inasimuliwa kwamba alitunga kipande cha dhoruba ya mvua akiwa na miaka mitano hivi. Vingine viwili vilichapishwa 1860. Faida ikaingia mifukoni mwa waliomzungusha majukwaani. Ilipofika 1999 ndipo mpiga piano John Davis akatoa albamu nzima ya kazi zake.

Tungo za watoto hupotea kirahisi kwa sababu mtoto hupiga piano kabla ya kujua kuandika noti. Mtunzi Mrusi Prokofiev alipokuwa na miaka mitano, mama yake ndiye aliyemwandikia noti za kipande chake cha kwanza. Kimeepuka vibonye vyeusi. Mtunzi alikuwa bado anaviogopa! Mtu mzima angeona kosa, ila hapo ndipo sauti ya pekee ya mtoto inapotoka.

Mjini Kalemie, Kongo, nako tungo za watoto zaweza kupotea, maana piano ni adimu. Kinanda ambacho mtoto anaweza kukikaribia ni cha kwaya. Mazoezi yakiisha, wadogo hukivamia, wakatafuta nyimbo zao hadi wafukuzwe. Simu ya mwanakwaya yeyote inaweza kuzirekodi hapo hapo. Kuziandika kwa noti ni kazi ya mwalimu wa kwaya, akikubali kuchelewa kufunga mlango.