Askari nao walimuuliza Yohane

Dominika ya tatu ya Majilio ni Dominika ya furaha, na wanaokwenda Misa huweza kumwona padri amevaa kasula ya rangi ya waridi badala ya zambarau. Injili yake katika Mwaka C ni ya Luka, sura ya tatu. Watu wanamwendea Yohane Mbatizaji wakiwa na swali moja, wanaliuliza kwa zamu: tufanye nini? Wanauliza makutano, wanauliza watoza ushuru, kisha, na hapa wahubiri wengi hupita mbio, wanauliza askari.

Injili hii huturudia kila Mwaka C, yaani kila baada ya miaka mitatu. Iliposomwa Desemba 2021, niliihubiri vibaya, kwa sababu kichwani mwangu kulikuwa na simu niliyopigiwa wiki chache kabla.

Aliyepiga ni mama mmoja aliyekuwa mwanakwaya katika parokia niliyowahi kuhudumu. Sasa ni raia wa Marekani, anaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, na anafanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Ana kijana wa kiume, wakati ule mwenye miaka 17. "Padri," akaniambia, "Jumanne tunapiga kura juu ya polisi. Nimesali, nimefunga, bado sijui."

Mnakumbuka mambo yalivyoanza. Mei 25, 2020, askari wa jiji hilo, Derek Chauvin, alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa mpaka akafa. Juni 7, madiwani tisa, walio wengi katika baraza la jiji, walisimama jukwaani kwenye bustani ya Powderhorn wakaahidi kuivunja idara ya polisi na kuanza upya.

Hapa msomaji wa kwetu anahitaji kuelezwa kitu. Polisi wetu ni jeshi la taifa, na diwani wa kata hana sauti katika bajeti ya OCD. Kule polisi ni wa jiji. Meya anawaongoza, madiwani wanapitisha fedha zao, na mwananchi akichukizwa ana karatasi ya kura. Lakini katiba ya jiji hilo ina kifungu kinachotaka askari wasipungue 1.7 kwa kila wakazi 1,000. Kwa mji wenye watu kama 430,000, hao ni askari 731. Bila kugusa kifungu hicho, ahadi ya Powderhorn ilikuwa maneno tu. Ndiyo maana Novemba 2, 2021 swali lilipelekwa kwa wananchi: idara ya polisi iondoke, ije Idara ya Usalama wa Umma yenye kutazama pia afya ya watu, askari wawemo ikilazimu, na ile idadi ya chini ifutwe.

"Niseme ndiyo au hapana?" akauliza.

Nikamjibu kipadri. "Mama, chagua amani."

Akanyamaza kidogo. "Padri, kwenye karatasi hakuna amani. Kuna ndiyo na hapana."

Nilistahili jibu lile. Nikanyamaza mimi, akaongea yeye. Kijana wake anaendesha gari kwenda shule, na taa za polisi zikiwaka nyuma yake, mama huyu huliona goti la Chauvin. Ila anaishi kaskazini mwa jiji, na mwaka ule risasi zililia mtaani kwao hata akahamisha kitanda mbali na dirisha. "Nikipiga simu usiku nataka mtu aje, na aje upesi. Na huyo atakayekuja ndiye ninayemwogopa."

Wakubwa nao hawakumsaidia. Mbunge wake, Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alisema ndiyo. Gavana Tim Walz na Seneta Amy Klobuchar, wa chama hicho hicho cha Democratic, walisema hapana. Tukizoea kudhani kwamba chama kinamaliza kufikiri kwa niaba yetu, hapa hakikumaliza.

Hapana ilishinda kwa asilimia 56. Kilichonigusa zaidi ni ramani ya kura. Katika baadhi ya kata za kusini zenye Wazungu wengi wapenda mabadiliko, ndiyo ilishinda. Kaskazini, kwenye Weusi wengi na risasi nyingi, watu wengi walisema hapana. Tena wakazi wanane wa huko walikuwa wameishtaki jiji mwaka 2020 kwa kuwa na askari pungufu, na Juni 2022 Mahakama Kuu ya jimbo ikasema meya ana wajibu wa kuitimiza ile idadi ya 731. Si kwamba Weusi walikuwa na sauti moja. Vijana wengi walioongoza kampeni ya ndiyo walikuwa Weusi, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Mwezi Aprili mwaka huo huo, idara ya haki za binadamu ya jimbo ilithibitisha kwamba polisi wa Minneapolis walikuwa na mazoea ya kubagua watu kwa rangi.

Sasa nirudi kwa Yohane. Askari hakuwaambia waache uaskari. Lakini pia hakuwapa baraka ya bure. Aligusa mikono yao, wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, akagusa mifuko yao, watosheke na mshahara. Na kabla ya kufika kwao, alikuwa ameanza na makutano, wenye kanzu mbili na wasio nayo. Mpangilio huo naona una maana. Seminarini tulikariri kanuni ya auni ya Papa Pius XI, ya mwaka 1931, kwa ajili ya mtihani: jambo linaloweza kufanywa na walio karibu, wakubwa wasilinyakue. Sikujua kwamba siku moja ningeiona ndani ya bajeti ya polisi. Mtu aliyechanganyikiwa akili akipiga kelele barabarani saa nane usiku, kwa nini atumiwe bunduki?

Jiji lile lilianza kujibu bila kusubiri kura. Desemba 2020 baraza lilihamisha dola takribani milioni nane kutoka bajeti ya polisi kwenda huduma za kuzuia ghasia na za afya ya akili. Desemba 2021, swali likiwa limekwisha kushindwa, magari yalianza kwenda kwa wenye matatizo ya akili yakiwa na wahudumu wasio na silaha. Na Julai 2024 madiwani walipitisha mkataba wa kupandisha mishahara ya polisi kwa karibu asilimia 22 katika miaka mitatu, maana wengi walikuwa wameacha kazi. Yohane angesemaje, sijui.

Mimi ningepiga hapana kwa swali lile, nikayaunga mkono magari yale. Swali lilifunga mambo mawili katika kamba moja. Lakini nasema hivyo nikiwa nalala ndani ya uzio wa parokia, na mlinzi yuko getini.

Novemba 2024 nasi tulichagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Nilisikia wagombea wakibishana juu ya mchango wa ulinzi shirikishi, nani alipe na shilingi ngapi. Sikumsikia hata mmoja akiulizwa vijana hao wakimkamata mtu usiku wanamfanya nini.

Yule mama hajawahi kuniambia alipiga nini, wala sijamuuliza. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti. Jirani yake alikuwa ametoka nje usiku, bila viatu kwenye theluji, akizungumza na watu wasioonekana. Alipiga simu akieleza, gari likaja na watu wawili wasio na bunduki, wakakaa naye kwenye ngazi karibu saa nzima, wakampa blanketi, wakaondoka naye taratibu. Kijana wake alikuwa anatazama dirishani. Alfajiri ile ile gari la polisi likapita mtaani polepole, na mama akasema alilala.