Ubingwa wa dunia wa ngumi

Ubingwa wa dunia wa ngumi ni cheo cha bondia wa kulipwa anayehesabiwa kuwa bora kuliko wenzake wote duniani katika uzito wake. Mpira wa miguu una FIFA, lakini ngumi za kulipwa hazina chombo kimoja cha juu chenye mamlaka ya kutoa cheo hicho. Kwa sababu hiyo wanaweza kuwepo mabingwa wanne wa uzito mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mkanda wake, na mashabiki wakabaki wakibishana ni nani hasa bingwa halali.

Uhalali wa bingwa hupimwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni mkanda aliopewa na shirika linalotambulika. Ya pili ni kumshinda ulingoni yule aliyekuwa bingwa kabla yake. Ya tatu ni kutokuwepo kwa bondia mwingine mwenye dai la maana juu ya cheo hicho. Mtu mmoja akitimiza yote matatu, hakuna ubishi. Hali hiyo hutokea mara chache.

Ubingwa wa nasaba

Njia ya zamani zaidi ni ile ya kumshinda aliyekuwa bingwa. Tarehe 7 Septemba 1892, mjini New Orleans, James J. Corbett alimwangusha John L. Sullivan katika raundi ya 21, nao wakiwa wamevaa glavu chini ya kanuni za Queensberry. Hapakuwa na shirika la dunia la kumvika Corbett mkanda, ila kila aliyefuatilia ngumi alijua kwamba ubingwa wa uzito wa juu umehama. Mwaka 1897 Corbett alishindwa na Bob Fitzsimmons, naye Fitzsimmons akashindwa na James Jeffries mwaka 1899. Cheo kilipita kutoka mkono hadi mkono kama jina la ukoo linavyopita kutoka baba hadi mwana, na ndiyo sababu ya kuitwa ubingwa wa nasaba.

Njia hii ni rahisi kueleweka, lakini ina kasoro mbili kubwa. Kasoro ya kwanza huonekana bingwa anapostaafu bila kushindwa, kwa kuwa hapo mnyororo hukatika. Jeffries alistaafu mwaka 1905. Marvin Hart na Jack Root wakapigana kugombea nafasi iliyoachwa wazi, Jeffries mwenyewe akiwa refa, na Hart akashinda. Mwaka uliofuata Hart alishindwa na Tommy Burns wa Kanada. Tarehe 26 Desemba 1908, mjini Sydney, Burns alipigwa na Jack Johnson, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Wakati wa Hart na Burns ni wachache waliojali kwamba Jeffries hakuwahi kupigwa. Bingwa alipokuwa mtu mweusi, jambo hilo lilikumbukwa kwa ghafla. Magazeti ya Marekani yalimtaka Jeffries atoke shambani kwake kuja kuchukua kile kilichodaiwa kuwa bado ni chake. Walikutana Reno, jimbo la Nevada, tarehe 4 Julai 1910, na Johnson akamshinda katika raundi ya 15. Baada ya siku hiyo dai la nasaba halikuweza tena kutumiwa dhidi yake, ingawa ghasia za kibaguzi zilizuka katika miji mingi ya Marekani na watu wakauawa.

Kasoro ya pili ni kwamba bingwa wa nasaba anaweza kuchagua nani wa kupigana naye. Sullivan alikataa waziwazi kupigana na mabondia weusi, hivyo Peter Jackson, aliyekuwa miongoni mwa mabondia hodari wa wakati wake, hakupata nafasi. Jack Dempsey alikuwa bingwa kuanzia 1919 hadi 1926 bila kupigana hata mara moja na Harry Wills, bondia mweusi aliyemdai pambano kwa miaka mingi. Dempsey alikuwa bingwa kwa nasaba, lakini kama alikuwa bora kuliko Wills halikujulikana kamwe.

Mashirika manne

Mashirika yalianzishwa kwa sehemu ili kuondoa kasoro hizo. Yanapanga orodha ya wapinzani, yanamlazimisha bingwa kupigana na anayeongoza orodha, na yanajaza nafasi inapokuwa wazi. Manne ndiyo yanayotambuliwa zaidi. WBA ndilo kongwe: lilianza Marekani mwaka 1921 kwa jina la NBA (si ligi ya mpira wa kikapu) na kubadilisha jina mwaka 1962. WBC liliundwa Mexico mwaka 1963. IBF lilizaliwa Marekani mwaka 1983 kutokana na mgawanyiko ndani ya WBA, na WBO likaanzishwa Puerto Rico mwaka 1988. WBO lilidharauliwa kwa miaka mingi kabla ya kuhesabiwa sawa na mengine.

Mashirika haya hujiendesha kwa ada. Kila pambano la ubingwa likifanyika, bondia hulipa sehemu ya malipo yake, kwa kawaida takriban asilimia 3, kwa shirika lenye mkanda. Maana yake ni kwamba mikanda ikiongezeka, mapato nayo huongezeka. Zamani palikuwa na uzito 8 tu. Leo upo 17, na WBC imeongeza mmoja zaidi. Ukizidisha 17 kwa mashirika manne unapata mabingwa 68 wa wanaume peke yao. Juu ya hao WBA iliweka “bingwa mkuu” na “bingwa wa kawaida” katika uzito uleule, pamoja na “bingwa wa muda” anayekalia kiti wakati mwenyewe ameumia au hayupo. Lawama zilizidi hadi Agosti 2021 WBA ilipotangaza kufuta mikanda yote ya muda.

Orodha za wapinzani nazo zimewahi kutiliwa shaka. Robert Lee, mwanzilishi na rais wa kwanza wa IBF, alishtakiwa Marekani kwa tuhuma za kupokea fedha za mapromota ili kupandisha mabondia wao. Mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia katika mashtaka mengi, lakini lilimtia hatiani katika baadhi, yakiwemo ya utakatishaji wa fedha na kodi, naye akahukumiwa kifungo.

Mkanda unaochukuliwa ofisini

Ubishi mkubwa zaidi huzuka bingwa anapopoteza cheo bila kupigwa. Mfano maarufu ni wa Muhammad Ali. Alipata ubingwa mwaka 1964 kwa kumshinda Sonny Liston, na mwaka huohuo WBA ikamvua kwa kukubali pambano la marudiano na Liston. Bingwa mpya wa WBA, Ernie Terrell, alipigwa na Ali tarehe 6 Februari 1967, hivyo hitilafu hiyo ya kwanza ilisahihishwa ulingoni.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Ali alikataa kuingizwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tume ya michezo ya New York ilisimamisha leseni yake siku hiyohiyo na kuacha kumtambua, na WBA ikamvua ubingwa, kabla mahakama yoyote haijamhukumu. Alikaa miaka mitatu na nusu bila kupigana. WBA iliandaa mashindano yaliyompa ubingwa Jimmy Ellis mwezi Aprili 1968. Joe Frazier alikataa kushiriki mashindano hayo, akatambuliwa na New York baada ya kumpiga Buster Mathis. Februari 1970 Frazier alimshinda Ellis, na mikanda ikakutana kwake.

Je, Frazier alikuwa bingwa halali? Kwa mashirika, ndiyo. Kwa nasaba, bado, kwa kuwa aliyemtangulia hakuwa ameshindwa na mtu yeyote. Frazier mwenyewe alilielewa hilo. Ali aliporudishiwa leseni, wawili hao walikutana Madison Square Garden, New York, tarehe 8 Machi 1971, kila mmoja akiwa hajawahi kushindwa. Frazier alimwangusha Ali katika raundi ya 15 na kushinda kwa pointi za refa na majaji wote wawili. Usiku huo ubingwa wake ulikamilika kwa vipimo vyote. Miezi mitatu baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ya Ali, lakini mahakama haikuweza kumrudishia mkanda.

Aliurudisha mwenyewe. Frazier alishindwa na George Foreman huko Kingston, Jamaika, Januari 1973. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, serikali ya Zaire ikiwa imeahidi kila bondia dola milioni 5, Ali alimwacha Foreman apige mpaka akachoka, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Pambano lilianza kabla ya mapambazuko ili watazamaji wa Marekani walione jioni.

Kinyume cha kuvuliwa ni kupewa. Mwaka 1978 Leon Spinks, aliyekuwa amemshinda Ali, alichagua kurudiana na Ali badala ya kupigana na Ken Norton. WBC ilimvua Spinks na kumtangaza Norton kuwa bingwa kwa sababu ya pambano aliloshinda mwaka uliotangulia dhidi ya Jimmy Young, ambalo wakati linapiganwa halikuwa la ubingwa. Norton alipoteza mkanda huo katika utetezi wake wa kwanza, dhidi ya Larry Holmes. Hivyo jina lake limo katika orodha ya mabingwa ilhali hakushinda pambano lolote la ubingwa wa dunia. Wengi hawamlaumu: alikuwa bondia mkali aliyewahi kumvunja Ali taya. Lakini Holmes ndiye aliyeonekana kuupa mkanda ule heshima, kwa kuwa aliupata kwa raundi 15 ngumu.

Mara moja mahakama iliingilia kati. Machi 1998 Mjerumani Graciano Rocchigiani alimshinda Michael Nunn katika pambano lililotangazwa kuwa la ubingwa wa WBC uliokuwa wazi. Baadaye WBC ilimrudishia cheo Roy Jones na kudai kwamba Rocchigiani alikuwa bingwa wa muda tu, na kwamba kumwita bingwa kamili lilikuwa kosa la uchapaji. Rocchigiani alifungua kesi New York na mwaka 2002 akatunukiwa fidia ya zaidi ya dola milioni 30. WBC ilikaribia kufilisika kabla ya pande mbili kupatana.

Bingwa asiyepingika

Bondia anayeshika mikanda yote mikuu kwa pamoja huitwa bingwa asiyepingika. Katika enzi ya mikanda minne, wa kwanza kufika hapo alikuwa Bernard Hopkins, uzito wa kati, mwaka 2004. Katika uzito wa juu ilichukua muda mrefu zaidi. Lennox Lewis aliunganisha mikanda mitatu mwaka 1999, na baada yake hapakuwa na bingwa asiyepingika hadi tarehe 18 Mei 2024, Oleksandr Usyk wa Ukraine alipomshinda Tyson Fury mjini Riyadh. Majaji wawili walimpa Usyk, mmoja Fury.

Hali hiyo haidumu. Kila shirika lina mpinzani wake wa lazima, na bingwa mmoja hawezi kupigana na wanne kwa wakati uliopangwa. Fury alimshinda Wladimir Klitschko Novemba 2015, na ndani ya siku chache IBF ikamvua mkanda kwa kuwa mkataba ulimtaka arudiane na Klitschko wakati shirika lilimtaka mpinzani mwingine. Usyk naye aliachia mkanda wa IBF wiki chache baada ya Riyadh. Katika hali zote mbili hakuna aliyemshinda bingwa.

Kwa sababu hiyo baadhi ya watu hutegemea vyombo visivyotoza mabondia ada. Jarida la The Ring, lililoanzishwa Marekani mwaka 1922, hutoa mkanda wake na kwa kawaida hutaka nafasi iliyo wazi igombewe na wale wanaoongoza orodha. Hata hivyo jarida lina wenyewe: mwaka 2007 lilinunuliwa na kampuni ya Oscar De La Hoya, aliyekuwa bondia na promota, na mwaka 2024 likanunuliwa na Turki Alalshikh wa Saudia, ambaye pia huandaa mapambano makubwa.

Afrika Mashariki

Uganda imetoa mabingwa kadhaa wa mashirika makuu: Ayub Kalule (WBA, 1979), Cornelius Boza-Edwards (WBC, 1981), John Mugabi (WBC, 1989) na Kassim Ouma (IBF, 2004). Kalule alipoteza mkanda wake mwaka 1981 kwa Sugar Ray Leonard. Kutoka Kenya, Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa WBC mwaka 2016 kwa kumshinda Alicia Ashley huko Marekani.

Nje ya yale manne yapo mashirika mengi madogo, nayo pia hutumia maneno “bingwa wa dunia”. Mwaka 2013 Francis Cheka wa Morogoro alipata mkanda wa WBF kwa kumshinda Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, mbele ya watu wake, dhidi ya mgeni aliyekuja kushindana. Lakini bingwa wa WBF haingii katika hesabu ya kuunganisha mikanda, na mabingwa wa WBA, WBC, IBF au WBO hawalazimiki kupigana naye. Kwenye mabango ya mapambano jina la shirika mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha za mabondia.