Bebe Bwana na wanaume waliomubeba

Kuna wanaoandika kama May French Sheldon alitembea Afrika «peke yake». Ilikuwa mwaka 1891. Huyu mwanamuke wa Amerika, mukaaji wa London, mwenye miaka zaidi ya 40, aliacha bwana yake nyumbani akashuka Mombasa, juu alitaka kuona mulima Kilimanjaro na inchi ya Wamasai kwa macho yake mwenyewe. Sisi watu wa sendika, tukisoma neno lile «peke yake», tunauliza kwanza: mizigo nani alibeba?

Walibeba wapagazi zaidi ya 100. Walibeba mahema, posho, ushanga na vitambaa vya kupatia machifu. Walibeba hata kanzu ya karamu na nywele za bandia za rangi ya zahabu, ambazo mama huyu alivaa siku za kupokea wakubwa wa vijiji. Na wakati hakutembea kwa miguu, walimubeba yeye mwenyewe ndani ya kipoyi cha kusukwa alichotoka nacho Ulaya. Wazee wetu waliojua kipoyi cha wakati wa Wabeleji hawana lazima ya kuelezwa.

Hatutamunyima haki yake. Kule Mombasa, mukubwa wa kampuni ya Waingereza hakutaka kumusaidia kupata watu. Alienda Zanzibar, akapata ruhusa ya Sultani Ali bin Said na watu wa kumubeba. Alifika Kilimanjaro, akazunguka ziwa Chala juu ya maji. Wapagazi walimuita «Bebe Bwana», mama ambaye ni bwana. Mwaka 1892 chama kikubwa cha watu wa jiografia kule London kilimupokea pamoja na wanawake wengine wachache, kisha 1893 chama kilefile kikawafungia wanawake mulango. Bamama wetu wanajua mulango wa namna ile.

Lakini kuna siku moja mule safarini ambayo sisi hatuwezi kuipita mbio. Wapagazi walikataa kuendelea. Yeye mwenyewe alihadisia jambo hili mu kitabu chake, na bila haya: alikamata bastola, akapiga tai aliyekuwa anaruka juu yao, kisha akaelekeza bastola kwa wanaume mupaka wakainua mizigo. Kwa wasomaji wa Ulaya ilikuwa habari ya uhodari. Kwetu ule ni mugomo uliovunjwa na silaha, na watu wa Lubumbashi wanajua, tangu Desemba 1941 pale kiwanja cha mupira, mugomo wa namna ile unaishaka namna gani. Wapagazi wale hawakuandika kitabu.

Sasa tufike kwetu. Miaka ya 1903 na 1904 Bebe Bwana alikuja Kongo, mu inchi ya mufalme Léopold II. Dunia ilikuwa imeanza kusikia habari ya mpira wa pori na mikono ya watu iliyokatwa. Safari yake ilipangwa na Alfred Jones, tajiri wa meli wa Liverpool, ambaye alikuwa pia konsul wa Léopold. Alipanda mashua za kampuni, alipokelewa na wakubwa wa Leta. Ku kituo kimoja mukubwa alibomoa nyumba ya kifungo na kusawazisha udongo mbele mugeni afike.

Sisi wa mine tunajua vizita vya namna ile. Ku kampuni moja, jina tunaliacha, wageni wakikaribia, jana yake kaske mpya zinagawanywa, matope yanaondolewa ku mulango wa dispanseri, na mutu mwenye kusema sana anabadilishiwa zamu. «Muvale hizi, bazungu banakuya!» Wageni wakiisha kwenda, kaske zinarudi ku depo.

Bebe Bwana alirudi Ulaya akaandika mu gazeti kama ubaya aliouona mu njia za London ulipita ule wa Kongo. Léopold alifurahi. Alilipia mukutano wa watu mazungumzo ya mama huyu mu hoteli Savoy kule London, kisha akamupatia mushahara: franka 1.500 kila mwezi, kwa kuongea na wabunge wa Uingereza. Mwaka 1906, wakati kesi ya mpira ilikuwa ingali moto, Union Minière ilizaliwa.

Hatusemi kama macho yake yalikuwa mabaya. Aliangalia pale walipomupeleka.

Miaka ileile kulikuwa mwanamuke mwingine mu Kongo, Alice Harris, bibi ya mumisionere Mwingereza, aliyefika tangu 1898. Huyu alikaa Baringa, mu pori la kampuni ya mpira ABIR, na alikuwa na mashini ya kupiga picha. Mwezi wa 5, 1904, baba mumoja jina lake Nsala alifika pale misioni na kafurushi ka majani. Ndani mulikuwa mukono na muguu wa mutoto wake Boali, wa miaka 5, aliyeuawa na walinzi wa kampuni. Alice alimukalisha Nsala pa baraza, akapiga picha. Alipeleka picha hizo Uingereza na Amerika, alizionyesha mu makanisa na mu mikutano, watu wakaona. Mwaka 1908 Léopold aliachilia Kongo.

Mama Harris alikufa mwaka 1970 akiwa na miaka 100. Nsala, mu picha, angali anaangalia ule mukono na muguu, na jina lake tunalo.