Nyonga mpya: Wiki sita za mwanzo si za kulala

NILIPOFIKA wodini asubuhi ya siku ya pili nilikuwa nimebeba uji kwenye chupa ya chai na mito miwili kwapani. Nilitarajia kumkuta Bi Mkubwa amelala chali, amefunikwa hadi shingoni. Badala yake nilimkuta amesimama kando ya kitanda, ameshika fremu ya kutembelea, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anamhimiza apige hatua.

Nilighadhibika. Nikauliza vipi mtu aliyekatwa mfupa jana asimamishwe leo. Aliyenijibu ni mgonjwa mwenyewe: "Waache, mwanangu. Wameniambia nikilala ndiyo nitaumwa."

Bi Mkubwa ana miaka 71, mzaliwa wa Unguja, na watoto wake wako Muscat na Dar es Salaam. Hapa Uingereza sisi majirani ndio jamaa zake, na jina langu ndilo lililoandikwa hospitali kuwa mtu wake wa karibu. Haya ninayoyaandika kwa ruhusa yake niliyajifunza katika wiki zile sita, mengine kwa kuelezwa na mengine kwa makosa yetu wenyewe.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Ncha ya juu ya mfupa wa paja ni ya duara, nayo huzunguka ndani ya kikombe kilichomo kwenye mfupa wa kiuno. Gegedu linaloitenganisha mifupa hiyo likilika, au kichwa hicho cha mfupa kikifa kwa kukosa damu, kama inavyowatokea baadhi ya wagonjwa wa selimundu wakiwa bado vijana, kila hatua huwa adhabu. Daktari hukikata kichwa hicho na kuweka cha chuma au kauri, pamoja na kikombe kipya. Njia iliyoenea duniani ilitokana na kazi ya daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington mwaka 1962. Siku hizi England na Wales pekee hufanyika takriban upasuaji 100,000 wa aina hii kwa mwaka. Nyumbani pia hufanyika, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Zamani mgonjwa alilazwa wiki kadhaa. Sasa wengi husimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake, na hurudi nyumbani baada ya siku moja hadi tatu. Mtu akilala tu, damu huganda miguuni, mapafu hupata taabu na misuli hulegea. Kiungo kipya, kwa wagonjwa walio wengi, kinaweza kubeba uzito tangu siku ya kwanza.

Maumivu yapo. Lakini Bi Mkubwa alitwambia ni maumivu mengine, ya kidonda, si yale ya zamani ya mfupa kusagana na mfupa. Mguu huvimba, na wekundu na weusi wa damu iliyovilia ngozini unaweza kushuka hadi chini ya goti. Usingizi huwa wa kukatika-katika. Dawa kali za maumivu hufunga choo, kwa hiyo maji, matunda na mboga ni sehemu ya matibabu. Wapo wazee wetu wanaoona kumeza dawa ya maumivu ni udhaifu. Asiyeimeza hashindwi kuvumilia, bali hushindwa kufanya mazoezi, na bila mazoezi nyonga mpya haina faida.

Hapo ndipo tulipokosea. Aliporudi nyumbani tulimuuguza kama tulivyolelewa: chakula kitandani, maji kitandani, wageni wamezunguka kitanda. Akitaka kuinuka, wawili wanamvuta mikono. Mimi nilikuwa wa mbele, labda kwa kuwa mama yangu mzazi yuko nyumbani, mahali nisipoweza kufika. Mtaalamu alipokuja kumtazama alituambia kwa upole kwamba tunamharibu. Mgonjwa anatakiwa kujiinua mwenyewe kwa kusukuma mikono ya kiti, kutembea mara kadhaa kwa siku hatua chache chache, na kuongeza kila siku. Atangulize fremu, kisha mguu uliopasuliwa, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima ndio wa kwanza kupanda, na mguu uliopasuliwa ndio wa kwanza kushuka.

Jambo jingine ni nyonga kuchomoka. Kwa wiki sita hadi kumi na mbili, wagonjwa wengi huambiwa wasiiname kupita kiasi, wasikunje nne na wasijizungushe juu ya mguu uliopasuliwa. Goti lisipande juu kuliko nyonga. Madaktari wengine wamelegeza masharti haya, kwa kutegemea mahali walipopasua, kwa hiyo fuata ya daktari wako. Kwetu sisi masharti hayo yanagusa maisha yote: kukaa mkekani, choo cha kuchuchumaa, kusujudu, kuosha miguu kwa ajili ya udhu. Bi Mkubwa aliswali kwenye kiti, na binti wa jirani akamwosha miguu. Kilichotushinda ni mbuzi ya nazi. Wiki ya pili nilimkuta jikoni amesimama anaitazama, anapima kama anaweza kuikalia. Niliichukua nikaenda nayo kwangu, na tukagombana kidogo.

Lililotutisha hasa lilitokea siku ya kumi na mbili. Binti yule alipokuwa akimwosha aliona shavu la mguu limevimba, gumu na la moto. Bi Mkubwa akakiri kuwa limemuuma siku tatu, ila hakutaka kutusumbua. Nikapiga simu 111, tukaambiwa twende siku ile ile. Kipimo kikaonyesha damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge kama hilo likikatika na kwenda mapafuni, mtu anaweza kufa.

Ndipo akatoboa siri. Alikuwa amepewa sindano za kuzuia damu kuganda, ajidunge kila siku. Mgeni mmoja akamnong'oneza kwamba dawa hiyo hutokana na nguruwe. Akaacha kimya kimya, na sindano zikabaki kabatini. Mgeni hakusema uongo: dawa za jamii ya heparini, ikiwemo enoksaparini, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Lakini zipo dawa nyingine zisizotokana na mnyama huyo, vikiwemo vidonge kama rivaroksabani, na wanazuoni wengi huruhusu palipo na dharura. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuuliza. Alipomweleza daktari, alibadilishiwa dawa muda ule ule, bila ya kulaumiwa.

Basi ukimuuguza mtu, zijue dalili. Shavu la mguu likiuma, likiwa la moto au jekundu, au kidonda kikitoa usaha na homa ikapanda, usisubiri kesho. Maumivu makali ya ghafla kwenye nyonga, mguu ukaonekana mfupi au umepinda, maana yake huenda imechomoka: asikanyage, aende hospitali. Kifua kikiuma au pumzi zikikatika, hapa Uingereza piga 999.

Kwa walio nyumbani, tayarisheni kabla ya upasuaji. Kitanda na kiti viwe virefu. Kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara cha mbao chenye tundu katikati. Ondoeni mazulia na nyaya njiani. Na ndugu mlioko nje mnaotaka mzee apande ndege mapema, madaktari wengi hushauri safari ndefu isubiri hadi miezi mitatu, kwa hofu hiyo hiyo ya damu kuganda.

Wiki ya sita Bi Mkubwa aliacha magongo, akabaki na bakora. Mwezi wa tatu alikwenda dukani kwa miguu, peke yake, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka minne. Nimemrudishia mbuzi yake, lakini nimeifungia juu ya meza. Anasema nazi haitoki vizuri namna hiyo. Anakuna akiwa amesimama.