Msimu wa kuhesabu wanyama: kazi ya siku 21, hesabu ya miezi 6

Ukiwa Ifo, Dagahaley ama Hagadera, ndege huwezi kuwakosa. Marabu wamejipanga pale jalalani kama wazee wa baraza. Toka nje kidogo ya makazi asubuhi na mapema, utaona kanga wa huku kwetu, wale wa kifua cha buluu, wakikimbia vichakani. Kuna swala twiga, digidigi, ngiri, na ukibahatika, twiga.

Wengi wetu tunawapita tu. Lakini kuna vijana Garissa ambao kazi yao ni kuwahesabu, na wanalipwa kwa simu. Leo tunaongea nao, na wewe pia kama unaitafuta kazi hiyo. Shida yake ni moja: pesa inaingia kwa mkupuo, halafu kimya.

Kwa nini wahesabiwe?

Mfano mzuri ni hirola. Swala huyu, mwenye mstari mweupe kati ya macho kama amevaa miwani, hana kwao pengine ila huku mpakani mwa Kenya na Somalia. Miaka ya 1970 walikuwa maelfu. Ikaja sotoka miaka ya 1980, ukame ukafuata, nyasi zikapungua na vichaka vikaongezeka. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, iliyofanywa mwaka wa 2021, ilihesabu hirola 497 nchini Kenya. Idadi hiyo ni ndogo kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi kambini.

Jamii ya huku haikukaa tu. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, upande wa Masalani, ilitenga eneo lenye uzio na mwaka wa 2012 ikaingiza hirola 48 ili wazaane bila kusumbuliwa na simba na fisi. Ishaqbini hiyo hiyo ndiko twiga weupe walikopatikana. Machi 2020 dunia ilisikia kwamba jike na mtoto wake wameuawa na majangili. Dume aliyebaki aliwekewa kifaa cha GPS Novemba mwaka huo ili ajulikane yuko wapi.

Idadi kama hizo haziji zenyewe. Lazima mtu atembee.

Kazi yenyewe ikoje

Timu inapewa mstari wa kufuata porini, kwa miguu au kwa gari. Ukiona mnyama unasimama. Unaandika aina, wako wangapi, wakubwa na watoto, umbali kutoka ulipo, na alama ya GPS. Wengine wanakagua kamera zinazofungwa mitini. Wengine wanahesabu ndege. Kila Januari na Julai kuna hesabu ya ndege wa majini sehemu mbalimbali za Kenya, na hiyo ya Januari inawakuta wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Ni kazi ya msimu. Wakati wa jilaal wanyama hukusanyika penye maji na majani ni machache, kwa hiyo wanaonekana. Mvua ikinyesha, barabara ya Garissa kwenda Dadaab inageuka tope, gari linakwama na kazi inasimama. Sheria ya kwanza utakayofundishwa ni hii: andika hapo hapo ulipoona, usingoje jioni, na usibuni idadi. Ukikosa kuona kitu, andika sufuri. Shika hiyo sheria, tutaihitaji tena.

Kabla ya kwenda: jihadhari na "ada ya usajili"

Msimu ukikaribia, meseji nazo zinaanza: "Hongera, umechaguliwa kuhesabu wanyama. Tuma 1,500 ya medikal na sare leo kabla ya saa kumi." Wanaweka nembo ya shirika, wanaweka jina la ofisa, halafu namba ya kutumia pesa ni ya mtu binafsi.

Ndugu, ukiambiwa ulipe ili uajiriwe, simama. Mwajiri wa kweli anakujua kwa mahojiano, anakupa barua, na yeye ndiye anayekulipa. Nenda ofisini kwao, ama ongea na chifu au kamati ya hifadhi uulize kama kweli kuna nafasi. Ile haraka ya "kabla ya saa kumi" ndiyo mtego wenyewe. Kama umeshatuma, tupigie sisi huduma kwa wateja mara moja. Tukipata taarifa kabla pesa haijatolewa, tuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa, ni vigumu sana kuirudisha.

Mambo mengine mawili. Laini unayompa mwajiri iwe imesajiliwa kwa jina lako, lile lililo kwenye kitambulisho. Ukitumia laini ya binamu, pesa ni ya binamu. Na kama wewe ni mkimbizi, kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Maliza hilo na mwajiri, kwa maandishi, kabla hujapanda gari.

Ukiwa porini: PIN haibaki nyumbani

Tuseme umepata kazi ya siku 21. Kule hakuna mtandao, na nyumbani hooyo na wadogo zako lazima wale. Wengi wanafanya hivi: simu moja inaachwa nyumbani pamoja na PIN, "kaka atatoa pesa ikiingia." Hapo ndipo ugomvi wa familia unapozaliwa. Ukirudi salio ni 200, kila mtu ana maelezo yake, na sisi tukiulizwa tunaona tu kwamba PIN sahihi ilitumika.

Fanya hivi badala yake:

- Hooyo awe na laini yake na PIN yake. Kama hasomi, akae na mtu anayemwamini wakati wa kutoa pesa, lakini namba aibonyeze mwenyewe.
- Posho ya kuanzia ukipewa, mtumie sehemu kabla hujaondoka, siyo yote.
- Ongea na mwenye duka. Mkubaliane kiasi cha juu cha kukopesha kwa siku hizo 21, na kiandikwe kwenye daftari lake na simu yako.
- Waulize mapema ni siku gani malipo yanaingia. Usiahidi watu pesa ya tarehe usiyoijua.

Siku ya malipo: hesabu ile ile ya porini

Tuchukue namba za mfano tu. Siku 21 kwa shilingi 1,500 ni 31,500. Deni la duka ni 6,000. Unabaki na 25,500. Nyumba yenu inatumia 8,000 kwa mwezi. Miezi 3 ni 24,000, zinabaki 1,500. Na msimu unaofuata ni baada ya miezi 6.

Hapo sasa. Wengi wanagundua haya mwezi wa nne, wakati pesa imeisha na mkopo wa simu unaonekana kama rafiki. Wewe yagundue siku ya kwanza. Gawa 25,500 kwa miezi 6, unapata 4,250. Huo ndio mshahara wako wa kweli kwa mwezi. Upungufu ni 3,750 kila mwezi, na lazima utafutiwe njia mapema: kibarua, biashara ndogo, ama kupunguza matumizi. Hatutakudanganya kwamba kuweka akiba peke yake kutaziba pengo hilo. Lakini ukilijua una miezi mitatu ya kujipanga.

Kinachosaidia: siku ile ile pesa inapoingia, hamisha ya miezi ijayo kwenye akaunti ya akiba, mbali na salio la kila siku. Kama uko kwenye ayuuto, omba zamu yako iwe mwezi wa nne au wa tano, na usijiunge na mchango ambao hutaweza kuulipa pesa ikikauka. Usiuze zamu ya kesho kwa harusi ya leo.

Pia siku hiyo utapigiwa na mtu: "Abti, nimekutumia kimakosa, rudisha." Usiangalie meseji, angalia salio. Meseji yaweza kuigizwa. Na hata kama kweli pesa imeingia, usirudishe mwenyewe. Mwambie apige huduma kwa wateja, sisi tutashughulikia.

Usitupe rekodi

Kila msimu ukiisha, fanya mambo mawili. Omba barua ya kuonyesha ulifanya kazi gani na siku ngapi. Halafu omba kwetu taarifa ya akaunti ya miezi hiyo, malipo ya mwajiri yataonekana kwa tarehe. Ukiweka misimu mitatu pamoja, hapo una kitu cha kumwonyesha mwajiri mwingine, ama chama cha akiba kinachotaka kujua kama una kipato. Bila hivyo, jasho lako lote la porini ni hadithi tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe tayari unajua kuandika kila swala uliyemwona, mahali na saa. Ichukulie shilingi hivyo hivyo: iandike ulipoiona, na kama ni sufuri, andika sufuri.

Msimu mwema, na PIN yako ibaki yako.