Leba kwa Ujuzi, Spea kwa Pesa

Bili ya gereji ni bili mbili zilizoandikwa kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni ya spea: beringi, bushi, filta, oili. Ya pili ni ya leba, yaani kazi ya fundi mwenyewe. Anayetaka kutengenezewa gari kwa ujuzi wake badala ya pesa sharti azitenganishe kwanza, maana inayobadilishika ni hiyo ya pili tu. Mwenye duka la spea mjini Busia hana haja na mtu wa kumfundisha mwanawe hesabu. Anataka shilingi, ya Kenya au ya Uganda, kwa bei ya leo. Fundi wa Namboboto, huku Samia, akizibeba bili zote mbili kwa ahadi ya huduma, atakuwa amekukopesha pesa zake za mfukoni, na maelewano ya namna hiyo hayafiki mbali.

Tuseme mwalimu ana Probox inayogonga mbele kila ikipita shimo. Fundi anaikagua na kusema shokamzoba mbili zimekwisha. Mwalimu anazinunua taslimu. Leba ya kuzifunga, tukadirie, ni shilingi 2,500.

"Fundi, hiyo ya leba tuelewane."

"Tutaelewana, mwalimu. Si una kompyuta wewe? Hizi ankara za KRA zimenishinda."

Ombi la fundi si la kubahatisha. Tangu 2024 mfanyabiashara wa Kenya anayetaka gharama za matengenezo zikubaliwe katika hesabu zake za kodi anahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, na fundi asiyeweza kuitoa huweza kuwapoteza wateja walio bora kuliko wote, wale wenye magari mengi. Fundi mwingine alijifunzia kazi chini ya mwembe, hana cheti. Anataka kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambao una maswali ya nadharia pamoja na kazi ya mikono. Spana hazimtishi, kalamu ndiyo inayomtisha. Hapo mwalimu ana mali. Anayekwenda gerejini kubadilishana ujuzi aanze kwa kuuliza fundi amekwama wapi, hata kabla ya kutaja anachokijua yeye.

Mwaka 1875 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alieleza ugumu wa biashara isiyo na pesa: ni nadra kumpata mtu mwenye unachokitaka ambaye naye anakitaka ulicho nacho, tena kwa wakati mmoja. Hoja yake inawafaa wageni wanaokutana mara moja. Majirani hawaishi hivyo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Caroline Humphrey alisema wazi kwamba hakuna aliyewahi kueleza jamii iliyoendesha uchumi wake wote kwa kubadilishana vitu tu. Majirani hupeana leo na kurudishiana baadaye, na hilo kwa jina lake ni deni. Gari linatengenezwa Jumamosi. Ankara zitaandikwa mwisho wa kila mwezi hadi 2,500 iishe.

Wasamia wa zamani waliupita ugumu wa Jevons kwa njia nyingine. Mafundi chuma wa vilima vya Samia walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha na kufua majembe yaliyofika kwa Waluo na majirani wengine wa Ziwa Victoria, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka na kuingia hata kwenye mahari. Kwa kuwa jembe lilikubaliwa na wengi, mfua chuma hakulazimika kumtafuta mtu ambaye haja yake ililingana na yake. Ujuzi wa mwalimu hauna bahati hiyo. Hauwekwi ghalani wala haupokezwi mtu wa tatu.

Mtu wa tatu ndiye kitendawili kigumu, na wapo waliojaribu kukitegua. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianzisha Bangla-Pesa, vocha za kulipana wao kwa wao. Mmarekani Will Ruddick, aliyekuwa nyuma ya mpango huo, alikamatwa pamoja na wenzake watano. Miezi michache baadaye mashtaka yakaondolewa. Lakini kwa fundi mmoja na mwalimu mmoja, daftari la kurasa thelathini na mbili linatosha.

Ndani ya daftari hilo kipimo kiwe shilingi. Mmarekani Edgar Cahn alieneza tangu miaka ya 1980 mpango wa kulipana saa kwa saa, saa ya wakili ikilingana na saa ya mfagiaji. Ni wazo zuri kwa kutunza wazee. Gerejini, kwa maoni yangu, linamwonea fundi: jeki ni yake, spana ni zake, na gari likidondoka, mguu ulio chini ni wake. Kila mmoja ataje bei ambayo angemtoza mtu asiyemjua, kisha wakatane madeni.

Huko Malaba, mpakani, desturi hii ya kudaiana haishiki. Dereva wa lori la kutoka Mombasa kesho atakuwa Kampala, na hakuna fundi atakayelivuka daraja kudai somo la kompyuta. Namboboto mdaiwa anaonekana sokoni, kanisani na matangani.

Sheria nayo inazigawa bili hizo mbili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inauhesabu uuzaji kuwa ule wa bei ya pesa. Kwa hiyo spea zilizolipiwa taslimu zimo ndani yake, na risiti ya duka itunzwe. Leba iliyobadilishwa inasimama juu ya makubaliano yenu wawili, kwa hiyo yaandikwe, pamoja na nani atakayerudia kazi. Shokamzoba mpya ikivuja baada ya wiki mbili, anayedaiwa ni mwenye duka. Ikiwa ni nati iliyoachwa imelegea, fundi anaingia tena chini ya gari, na mwalimu haongezi ankara hata moja.