Mnyama wa Baharini Afananaye na Unyoya

Wapiga mbizi na wavuvi wa miambani mara nyingi hukiona kitu kimeota juu ya jiwe mfano wa unyoya wa ndege, chenye kikonyo cheusi na vitawi vyeupe. Adhaniaye kuwa ni mwani hukishika, na mara ile mkono huwaka kama uliotiwa upupu. Leo twapenda kueleza kitu hiki ni nini, ni cha jamaa gani, na hukaa wapi, maana akijuaye hujiepusha nacho.

Kwanza yafaa tufahamu ya kuwa huyu ni mnyama, au tuseme ni wanyama wengi walioungana katika shina moja, ambalo huweza kufika urefu wa shibiri. Juu ya kila kitawi vimepangwa vikombe vidogo sana, na ndani ya kila kikombe mna kinyama chenye kinywa na mikono myembamba ya kunasia vijidudu vielevyo majini. Chakula akipatacho mmoja huwafikia wenzake, kwa kuwa matumbo yao yameungana. Kandokando ya vikombe hivyo wamo walinzi wasio na kinywa, ambao kazi yao ni kuchoma. Silaha yao ni vifuko vyenye uzi wa sumu uliokunjwa. Kifuko kikiguswa, uzi hufyatuka kama mshale.

Kwa sababu ya silaha hiyo wataalamu humweka katika kundi kubwa la Nidaria, pamoja na konyeza na matumbawe. Ndani ya kundi hilo yumo katika ngeli ya Haidrozoa, na katika oda ya Leptothekata, yaani wale wakaao vikombeni. Jina lake la kitaalamu ni Macrorhynchia philippina, alilopewa mwaka 1872 na Mjerumani Kirchenpauer, ambaye pia alipata kuwa mkuu wa mji wa Hamburg. Vitabu vingi vya baadaye vilimwita Lytocarpus philippinus. Msomaji akiliona jina hilo, ajue mnyama ni yule yule.

Jina lamtaja Ufilipino, lakini makao yake ni mapana zaidi. Huonekana katika Bahari ya Hindi, pamoja na pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, katika Bahari ya Sham, katika Pasifiki, na katika Atlantiki upande wa Karibi na Brazili. Hata mashariki ya Bahari ya Kati amefika, kwa kuupitia Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869.

Hupenda mahali pagumu pa kujishikiza, penye maji yaendayo. Yeye hawezi kuondoka kwenda kutafuta chakula, basi mkondo ndio umleteao. Kwa hiyo hukaa kwenye miamba, nguzo za gati, na merikebu zilizozama.

Aliyechomwa asijisugue wala asijioshe kwa maji ya kisima, maana ngozini husalia vifuko ambavyo havijafyatuka bado. Na ajisuuze kwa maji ya bahari, kisha aweke kitu cha baridi juu ya jeraha. Akivimba uso au pumzi ikimbana, apelekwe hospitali bila kukawia. Lakini lililo bora ni kuvaa nguo za kufunika mikono na miguu, na kutoshika kitu mwambani kabla ya kukitambua.